Keria za Kujitengenezea: Wasafiri wa Pikipiki na Mizigo Yao

Mwaka 1983 Mwingereza kijana, Elspeth Beard, alikuwa Sydney, Australia, akifanya kazi katika ofisi ya wasanifu majengo ili apate fedha za kumalizia safari yake ya kuizunguka dunia. Pikipiki yake ilikuwa BMW R60/6 ya mwaka 1974, aliyoinunua ikiwa imeshatumika. Marekani na New Zealand zilikuwa zimepita, na Asia yote ilikuwa bado. Akatafuta bati la alumini, akalipima, akalikunja, akalipiga ribiti, hadi akapata masanduku mawili ya ubavuni na moja la nyuma, yote ya kufungwa kwa kufuli. Msafiri wa peke yake hawezi kuacha begi la turubai nje ya ofisi ya forodha akarudi kulikuta. Masanduku hayo yalipita India, Nepal, Pakistan na Iran, na mwaka 1984 yakafika London, safari ikiwa imetimiza takriban kilomita 56,000.

Historia ya safari za pikipiki huandikwa kwa majina ya viwanda: Triumph, BSA, Norton, BMW. Wapenzi wa pikipiki za kale hujua kipenyo cha silinda na rangi ya tangi ya kila mwaka. Lakini kiwanda kiliuza chombo cha kubeba mtu mmoja au wawili. Hema, sufuria, tairi la akiba na maji ya siku mbili vilikuwa shauri la mwenye pikipiki, naye mara nyingi alilimaliza shauri hilo kwa msumeno wa chuma, vipande vya bomba na rafiki mwenye mashine ya kuchomelea. Ubebaji wa mizigo wasafiri walijifundisha wenyewe barabarani, na viwanda vikaja baadaye kusoma kwao.

Mwanzoni haikuwa hivyo. Pikipiki nyingi za Uingereza za miaka ya 1910 na 1920 zilitoka kiwandani zikiwa na keria juu ya gurudumu la nyuma, kwa mfano ule ule wa baiskeli, na pembeni yake vikasha vya spana. Mzigo ulifungwa hapo, na abiria naye alikaa hapo hapo, juu ya mto uliokazwa kwa mikanda. Kuelekea miaka ya 1930 wanunuzi wakapenda sura ya mashindano: tangi nene, mkia mfupi. Siti ya abiria ikafungwa juu ya madigadi, keria ikatoweka. Aliyetaka kwenda mbali akabaki na pikipiki yenye nguvu kuliko ile ya baba yake, lakini isiyo na pa kuweka hata blanketi.

Wasafiri wa miaka hiyo walitafuta njia kila mtu kwa akili yake. Mmarekani Robert Edison Fulton aliondoka London mwaka 1932 kuizunguka dunia kwa Douglas ya silinda mbili, akiwa na kamera ya sinema na shehena ya filamu. Pikipiki ilibadilishwa kwa mahitaji yake kabla ya kuondoka, hadi ikavalishwa matairi ya gari. Fulton alikuwa amesomea usanifu majengo, fani ile ile ya Beard nusu karne baadaye, na pengine si bahati nasibu: wote wawili walizoea kuchora kitu na kujiuliza uzito wake utaegemea wapi.

Theresa Wallach na Florence Blenkiron walichukua njia nyingine. Tarehe 11 Desemba 1934 walitoka London kuelekea Cape Town na Panther ya cc 600 yenye kigari cha ubavuni, na nyuma yake wakavuta trela. Mzigo wote ukawa nje ya pikipiki yenyewe. Kwenye mchanga wa Sahara uzito huo waliulipia kwa kuchimba na kusukuma, na injini ikawafia kabla ya kufika Agadez. Hata hivyo walivuka, wakapita Kongo, Uganda, Kenya na Tanganyika, wakaingia Cape Town Julai 1935.

Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyoisambaza keria. Matarishi wa jeshi la Uingereza walipewa BSA M20 na Norton 16H kwa maelfu. M20 peke yake zilitengenezwa takriban 126,000. Pikipiki hizo zilikuwa na vishikio vya chuma kila upande wa gurudumu la nyuma, na juu yake yakaning'inia mabegi ya turubai nzito. Vita vilipokwisha, bidhaa za ziada za jeshi zikauzwa kwa bei ya chini, vishikio na mabegi vikiwemo. Kijana aliyekuwa na Triumph ya kwendea kazini aliweza kununua jozi, akakata hapa, akaongeza kipande pale, akafunga safari ya kwenda Ufaransa au Uhispania. Keria nyingi za nyumbani za miaka ya 1950 zina asili hiyo ya kijeshi, na jicho lililozoea huitambua kwenye mkunjo wa bomba.

Halafu fremu zikabadilika, na hapo ndipo mafundi wa nyumbani walipofundishwa kwa ukali. Pikipiki nyingi za zamani hazikuwa na shokapu za nyuma. Gurudumu lilishikwa moja kwa moja na fremu, kwa hiyo mguu wa keria uliweza kufungwa kwenye bolti ya ekseli na kusimama imara. Miaka ya 1950 viwanda vya Uingereza vikahamia mkono wa nyuma unaopanda na kushuka. Triumph ilianza kuutumia kwenye Tiger 100 na Tiger 110 za mwaka 1954. Keria iliyofungwa kwenye ekseli sasa ingesukumwa na kila shimo la barabara. Uzito wote ulipaswa kuning'inia kwenye fremu, juu ya shokapu, kwa bolti chache ambazo kiwanda kiliziweka kwa kazi nyingine kabisa: bolti ya juu ya shokapu, ya kikanyagio cha abiria, ya kushikilia madigadi.

Kwenye bolti hizo tatu kila upande ikajengwa elimu nzima. Ufa hauanzi kwenye mshono wenyewe wa kuchomelea. Huanza kando yake, pale chuma kilipopata joto kisha kikapoa. Bomba lililopondwa ncha na kutobolewa tundu hukatika kwenye tundu hilo, kwa hiyo fundi mzoefu huchomelea kipande kinene cha chuma mwishoni na kutoboa hicho. Bomba la mshazari kutoka kikanyagio hadi nyuma ya siti hutengeneza pembetatu, na pembetatu haipindi kirahisi. Upande wa kulia na wa kushoto huunganishwa kwa bomba la kupita nyuma ya kibao cha namba, la sivyo masanduku huyumba kila moja kwa mwendo wake na kuzirarua bolti. Vipande vya mpira wa tairi kuukuu huwekwa kati ya keria na fremu. Kila pikipiki nayo ina masharti yake: ekzosi isiunguze begi, mguu uweze kupiga kiki, mnyororo uweze kukazwa bila kufungua kila kitu.

Injini nayo ilikuwa na tabia yake. Silinda mbili za Triumph, kwa muundo alioutoa Edward Turner na Speed Twin ya mwaka 1937, hupandisha na kushusha pistoni zote mbili kwa pamoja, na mtikisiko wake huingia hadi kwenye bolti ya mwisho. Keria iliyodumu miaka kumi kwenye BMW, ambayo pistoni zake hutupwa kulia na kushoto zikisawazishana, inaweza kuvunjika mapema zaidi kwenye Triumph. Kisha lipo suala la mahali pa uzito. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli huinyanyua mbele ya pikipiki, na kwenye mwendo wa kasi usukani huanza kucheza. Waliosoma hilo barabarani walirudi nyumbani, wakakata keria zao, wakasogeza masanduku mbele na chini, karibu na magoti ya abiria. Hakuna mwongozo wa kiwanda uliowaambia.

Ken Craven alikuwa mmoja wa wasafiri waliogeuza ujuzi huo kuwa biashara. Masanduku yake ya faibaglasi yalienea Uingereza, kwa watalii na kwa polisi, na mwaka 1977 alichapisha kitabu juu ya utalii wa pikipiki. Ujerumani, Krauser wakatengeneza masanduku ya kuchomoa kwa mkono mmoja, na BMW wakayachukua. Katika miaka hiyo ya 1970 keria ikaanza kuwa bidhaa ya dukani.

Lakini dukani hapakuwa na jibu la kila barabara. Ted Simon, aliyeondoka London Oktoba 1973 na Triumph Tiger 100 na kuteremka Afrika kupitia Kenya na Tanzania hadi Cape Town, alikuwa safarini miaka minne na kukata zaidi ya kilomita 100,000. Safari ya namna hiyo huiandika keria upya kila inapovunjika, kwa chuma kinachopatikana mji huo. Hata mwaka 2004, waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman walipofunga safari ndefu na BMW mpya zenye masanduku ya alumini, fremu ya pikipiki ya mpiga picha wao ilivunjika Mongolia, na akaendelea na Izh ya Kirusi.

India mila hii haijawahi kukatika. Royal Enfield Bullet ilianza kuunganishwa Madras mwaka 1955 na ikaendelea kutengenezwa huko hata baada ya kiwanda mama cha Uingereza kufungwa. Wanaoipandisha hadi Ladakh hukutana na kibao mashuhuri cha Tandi kinachotangaza kwamba kituo kijacho cha mafuta kiko kilomita 365 mbele. Tangi la Bullet huingia lita 13 au 14, na mlimani, na mzigo juu, hesabu hiyo haimpi mtu usingizi. Ndiyo maana mafundi wa Karol Bagh, Delhi, huchomelea keria zenye nafasi ya madumu pembeni, na keria hizo huitwa kwa jina la Ladakh yenyewe.

Afrika Mashariki keria ilishika njia ya biashara. Kenya ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, bodaboda zilifurika, na mafundi wa jua kali wakawa wanachomelea keria za kreti za mikate, trei za mayai na mitungi ya maziwa. Bomba lao la mshazari kutoka kikanyagio ni lile lile la mafundi wa Uingereza wa miaka ya 1950, kwa sababu uzito na mtikisiko ni vile vile. Wasafiri wa Ulaya waliopita barabara ya Moyale hadi Marsabit kabla ya lami walifika Isiolo na masanduku yakining'inia kwa kamba, na fundi wa kuwasaidia hakuwa mbali.

Leo thamani ya pikipiki za kale imepanda, na pamoja nayo umekuja mtindo wa kuzirudisha kama zilivyotoka kiwandani. Keria ya bomba lililochomelewa huwa ya kwanza kutupwa. Matundu huzibwa, rangi hupakwa, na kilichofanywa na mwenye chombo kwa miaka thelathini hufutika kwa mchana mmoja. Ni hasara ya kweli. Namba ya fremu itaeleza siku pikipiki ilipozaliwa. Kiraka kwenye keria kitaeleza ilikwenda wapi na ilibeba nini. Jumba la makumbusho ya usafiri la Coventry lilifanya vyema kuihifadhi Triumph ya Ted Simon jinsi ilivyorudi, bila kuing'arisha. Mwenye BSA au Norton gerejini anayetaka kuondoa keria ya mtu aliyemtangulia anaweza angalau kuipiga picha, kupima mabomba yake, na kuifunga kwenye gunia pamoja na bolti zake, ili atakayeinunua pikipiki baadaye aipate.