Mafundi wa Kinu cha Mumias

Historia ya kiwanda huandikwa kwa majina ya waliokijenga na kwa hesabu ya fedha walizotumia. Jina la fundi anayetia mitambo mafuta halitajwi. Lakini ukitaka kujua kwa nini kiwanda huishi au hufa, ewe msomaji, huna budi kumtazama yeye. Na tumtazame huko Mumias, katika kaunti ya Kakamega.

Ufundi wa chuma haukuletwa magharibi ya Kenya na sukari. Kabla ya reli kufika, wahunzi wa Wasamia walikuwa wakifua majembe na kuyauza kwa jirani zao. Ila mhunzi aliwasha moto wake alipotaka, na kuuzima alipochoka. Fundi wa kinu cha sukari hutumikia moto usiozimwa usiku wala mchana.

Mwaka 1967 kampuni ya Kiingereza, Booker McConnell, ilipewa kazi ya kuchunguza kama kilimo cha miwa kingefaa Mumias. Kampuni ya Sukari ya Mumias iliundwa mwaka 1971, na mwaka 1973 kinu kikaanza kusaga, kikiwa na uwezo wa tani 1,250 za miwa kwa siku. Baadaye kilipanuliwa hata uwezo wake ukafika tani 8,400. Miwa mingi ilitoka katika mashamba ya wakulima wadogo wa jirani.

Yafaa ujue jinsi kinu kinavyofanya kazi. Miwa hukatwakatwa kwa visu vikubwa, kisha hukamuliwa baina ya magogo mazito ya chuma. Makapi yake huchomwa chini ya matangi ya maji. Mvuke unaotoka huendesha mitambo, hutoa umeme, na huchemsha maji ya miwa mpaka yawe chembe za sukari. Hivyo kinu hujilisha chenyewe. Lakini magogo yakisimama, makapi hayaji. Makapi yasipokuja, mvuke hupungua, na kiwanda kizima huzubaa.

Nayo miwa haingoji. Mkulima ameitunza kwa miezi 18 au zaidi, lakini ikiisha kukatwa, sukari iliyomo huanza kupungua. Kwa hiyo beringi moja iliyokauka grisi yaweza kumpunguzia karo ya mwanawe mtu ambaye hajapata kuingia kiwandani maisha yake yote.

Ndiyo maana fundi bora si yule tu anayeunga upesi kilichovunjika, bali ni yule anayekizuia kisivunjike. Huweka ncha ya bisibisi juu ya mtambo na mpini wake sikioni, akasikiliza kama ndani mna mkwaruzo. Hupima joto na mtetemo. Kabla ya kutia mkono ndani, hukata umeme, hufunga swichi kwa kufuli, na ufunguo huutia katika mfuko wake mwenyewe. Na kinu kinaposimamishwa kwa matengenezo makubwa, magogo yaliyolika hujazwa chuma upya, na mabomba ya mvuke husuguliwa ukoko.

Usidhani kwamba hii ni kazi ya mikono mitupu. Mwaka 1763 James Watt, fundi wa vyombo katika Chuo Kikuu cha Glasgow, alipewa mfano mdogo wa injini ya mvuke ya Newcomen autengeneze. Hakutosheka kuona unafanya kazi. Aliuliza kwa nini unakula mvuke mwingi hivyo. Akatambua kwamba silinda ilikuwa ikipozwa na kupashwa moto tena kila mara. Jawabu lake, alilolipatia hataza mwaka 1769, lilisaidia kubadili viwanda vya dunia.

Mumias ilipata siku njema. Mwaka 2001 hisa zake ziliingia katika soko la Nairobi, na tangu 2009 mtambo mpya ulitoa umeme wa kuuza kutokana na makapi. Kisha zikaja siku mbaya: madeni, upungufu wa miwa, na mitambo iliyochakaa. Mwezi wa Septemba 2019 kampuni iliwekwa chini ya mrasimu. Desemba 2021 ilikodishwa kwa kampuni ya Sarrai ya Uganda, na mwaka 2022 kinu kikasaga tena.

Ni kweli kwamba spana hailipi deni. Lakini deni na uchakavu ni ndugu. Fedha zikipungua, matengenezo ndiyo huahirishwa kwanza, kwa kuwa mtambo usiotiwa grisi leo utazunguka leo vilevile. Hasara yake huja kesho, nayo huja na riba. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Nawe mwanafunzi, huenda siku moja utasomea ufundi huu katika chuo kama Sigalagala, karibu na mji wa Kakamega. Au huenda utaketi penye meza ya kugawa fedha za kiwanda. Ukiwa fundi, jifunze kuuliza kwa nini. Ukiwa mkubwa, fundi akikuambia kwamba mtambo unalia, msikilize.