Mwenzi Stahiki, Si Mwenza Tegemezi

Wenzetu wa kamati za istilahi, ambao hukutana mbali na pale fomu zinapojazwa, wametuachia "mwenza tegemezi". Nimelikuta jina hilo Kasulu na Kibondo, katika fomu za waajiri wanaowakatia bima wafanyakazi wao. Linamtaja mume au mke anayeruhusiwa kutibiwa kwa bima ya mwenziwe. Maneno ni mawili, na yote mawili yamekosewa.

Tuanze na mwenza. Katika Kiswahili neno hili hufuata cheo: mgombea mwenza, mwenyekiti mwenza, mke mwenza. Humtaja anayeshika nafasi ileile uliyoishika wewe. Mgombea mwenza naye ni mgombea, na mke mwenza naye ni mke. Hali ya wake wa mume mmoja tunaiita ukewenza, na kamusi zinalo neno hilo. Kwa mantiki ya lugha, basi, mwenza wa mke ni mke wa pili. Mume ni mwenzi wake. Mwenzi ni neno la uhusiano, ndiyo maana tunasema mwenzangu, mwenzio, mwenziwe. Safari ina mwenzi, na ndoa ina mwenzi.

Nilipopeleka hoja hii nilijibiwa kwa mstari mmoja kwamba "mwenza" limeshazoeleka. Kuzoeleka kwa kosa hakulifanyi kuwa istilahi. Tena kosa hili linazua utata: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa za mitala, na huku kwetu milimani zipo. Mke wa mwalimu mmoja wa Heru Juu alisoma fomu ya mumewe, akaweka kidole kwenye mstari wa "jina la mwenza" na kuuliza: "Baba Neema, huyu mwenza ni nani?" Mama huyo anakijua Kiswahili. Aliyeiandika fomu ndiye aliyeteleza.

Tegemezi ni kosa zito zaidi. Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, Namba 8 ya mwaka 1999, ilileta mchango wa asilimia 6 ya mshahara, nusu kutoka kwa mwajiri na nusu kutoka kwa mfanyakazi. Wanufaika ni mwanachama, mume au mke wake, na wategemezi wasiozidi 4: jumla watu 6. Hesabu yenyewe imemtenga mwanandoa na wategemezi. Kamati imewachanganya. Na mke anayelima mahindi, maharage na mihogo, ambaye shamba lake ndilo linalolisha nyumba mshahara unapochelewa, anamtegemea nani?

Napendekeza mwenzi stahiki, na ninalitetea kwa asili yake. Stahiki na haki ni ndugu wa mzizi mmoja wa Kiarabu. Stahili, ambalo wengi hulichanganya nalo, lina udugu na ahali, yaani jamaa, watu wa nyumbani. Kustahili ni kufaa. Kustahiki ni kuwa na haki ya kudai. Mume au mke hapewi matibabu kwa kuwa amefaa machoni pa mwajiri, wala kwa kuwa anaonewa huruma. Anayo haki iliyoandikwa, yenye masharti, na iliyokwisha kulipiwa kutoka katika mshahara kabla haujafika nyumbani. Neno stahiki linabeba yote hayo kwa silabi tatu, na sijaona pendekezo la wapinzani wangu linaloyabeba hata nusu.

Kwa matumizi: mwenzi stahiki, wenzi stahiki, ustahiki wa mwenzi, ambao ushahidi wake ni cheti cha ndoa au uthibitisho mwingine anaoukubali mwajiri.

Mashirika yanayohudumia kambi za wakimbizi huchapa mikataba yao yenyewe, na halmashauri zina maafisa utumishi wanaokijua Kiswahili vizuri. Hawa hawahitaji kusubiri kikao cha kamati yoyote. Mikataba ijayo ichapwe "mwenzi stahiki", na mstari wa "mwenza tegemezi" ufutwe.