Kamusi ya Mtandaoni kwa Wasemaji wa Ekegusii

Ekegusii ni lugha ya Kibantu inayozungumzwa hasa katika kaunti za Kisii na Nyamira nchini Kenya. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu Abagusii, wenye lugha hiyo, takriban milioni 2.7. Kamusi yake ipo: Kennedy Bosire na Gladys Machogu walichapisha ya Ekegusii na Kiingereza mwaka 2013. Linalobaki ni kujua anayetafuta neno kwa simu anataka nini. Carolin Müller-Spitzer na wenzake, watafiti wa Mannheim, Ujerumani, walipowahoji watumiaji wa kamusi za mtandaoni mwaka 2010, walikuta watu wakitanguliza kuaminika na uwazi wa maelezo. Sauti na picha ziliachwa nyuma kabisa. Matokeo hayo yasipokewe Kisii kizimakizima. Ekegusii ina irabu saba zinazoandikwa kwa herufi tano, na toni haiandikwi. Mjukuu aliyekulia Nairobi hawezi kulitamka neno kwa kuliona tu, kwa hiyo kwake sauti ya msemaji ni sehemu ya kuaminika kwenyewe, wala si pambo.

Hata hivyo, sauti haimfai asiyelipata neno. Kiambishi cha kitenzi hugeuka kufuata konsonanti inayofuata: kusema ni goteba, kuona ni korora. Msomaji huandika alivyosikia, tena huandika neno zima, pengine na nafsi na wakati ndani yake. Kamusi iliyopangwa kwa mashina humrudisha mikono mitupu. Wanaisimu hujibu kwamba mpango wa mashina huokoa nafasi na huonyesha undugu wa maneno. Kwenye karatasi wana haki. Kwenye mtandao nafasi si hoja tena, na undugu huo unaweza kuonyeshwa baada ya neno kupatikana. Vivyo hivyo kwa lahaja: Rogoro ya kaskazini na Maate ya kusini zote zifike kwenye ukurasa mmoja, kila moja ikitajwa jina.

Wapo watakaotaka misamiati ya wazee ianze, isije ikapotea. Hofu hiyo ni ya haki, lakini hiyo ni kazi ya hifadhi. Gilles-Maurice de Schryver na wenzake, walipochambua kumbukumbu za miaka kumi za utafutaji katika kamusi ya Kiswahili na Kiingereza, walionyesha mwaka 2019 kwamba watu hutafuta sana maneno ya kawaida. Kamusi ya Ekegusii ianze na hayo, iyakamilishe kwa sauti na mifano, ndipo igeukie yaliyo adimu.