Jogoo Mweupe na Chui Mweusi

Wazee wetu hawajasahau jembe na nyumba. Katika uchaguzi wa mwaka 1965 nchini Tanzania, wagombea wawili wa TANU waliposhindania kiti kimoja, mmoja alipewa picha ya jembe na mwenziwe picha ya nyumba, ili asiyejua kusoma naye amtambue amtakaye. Mwaka uo huo, ng'ambo ya Atlantiki, haja kama hiyo iliwakabili Weusi wa wilaya ya Lowndes, jimbo la Alabama, nchini Marekani. Twaikumbusha habari hii kwa kuwa siku hizi vijana wanatengeneza filamu za historia ya Weusi, na mapema kabisa hujiuliza watumie nembo gani.

Huko Lowndes, katika kila watu watano wanne walikuwa Weusi. Lakini mwaka 1965 ulipoanza hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameandikishwa kupiga kura. Sheria ya Agosti mwaka ule iliwafungulia njia. Chama cha Democratic kilichotawala Alabama kilikuwa na nembo ya jogoo mweupe, pamoja na maneno ya kutukuza ubwana wa Weupe. Mweusi gani angempigia kura jogoo yule kwa moyo mkunjufu? Wakaunda chama chao wenyewe, na sheria ikadai nacho kiwe na picha yake.

Kuitafuta picha hiyo ikawa kazi ya vijana wa SNCC, chama cha wanafunzi waliopigania haki za Weusi. Ruth Howard alipendekeza kwanza njiwa. Wenzake hawakuridhika, nasi hatuwalaumu. Ndipo wakamwazima chui mweusi aliyekuwa nembo ya michezo ya Clark College, chuo cha Weusi mjini Atlanta. Hawakuishia kwenye picha tu: Jennifer Lawson na Courtland Cox walitengeneza vijitabu vya michoro vilivyoeleza kazi za sherifu na za madaraka mengine ya wilaya, ili mkulima ajue anachokipigia kura.

Oktoba 1966, Huey Newton na Bobby Seale walimchukua chui huyo kuwa nembo ya chama chao huko Oakland, California. Sifa zake zikaenea duniani, na Lowndes ikasahauliwa. Mtengeneza filamu amwonyeshaye chui bila ya jogoo amechukua ngozi na kumwacha mnyama.

Cox alikuja kuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Sita wa Umoja wa Waafrika, uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1974. Lawson naye aliishi Tanzania mwanzoni mwa miaka hiyo ya sabini, kisha akaingia katika kazi ya televisheni kwao.

Ama wagombea wa chui, wote walishindwa Novemba 1966. John Hulett, kiongozi wao, alichaguliwa kuwa sherifu mwaka 1970, baada ya chama chao kuungana na kingine. Chui hakuwamo tena katika karatasi ya kura.