Ndoa ya Leta na Ndoa ya Eklezya katika Inchi ya Ubelgiji

Wandugu, wakristu wetu wanauliza: «Padri, ni kweli kwamba Ulaya mwanaume anafunga ndoa na mwanaume mwenzake? Na mapadri wanawafungisha?» Anayejibu bila kujua historia atawapotosha. Basi, tutazame inchi ya Ubelgiji.

Zamani huko, ndoa ilikuwa mkononi mwa Eklezya. Mwishoni mwa karne ya 18 Wafaransa waliitwaa inchi hiyo, wakaleta ndoa ya Leta. Katiba ya Ubelgiji ya mwaka 1831 ikaishika desturi hiyo: watu waende kwanza mbele ya Leta, ndipo waende kanisani. Tangu hapo ndoa ni mbili, ya sheria na ya Sakramenti. Na sheria hutungwa na Bunge. Bunge laweza kuigeuza.

Lakini haikugeuka siku moja. Mwaka 1999 vyama vya Kikristu vilitoka serikalini, mara ya kwanza tangu 1958. Mwaka 2000 watu wawili wanaokaa pamoja, hata wanaume wawili au wanawake wawili, walianza kujiandikisha kwa Leta. Mwaka 2001 jirani yao Uholanzi ilikuwa ya kwanza duniani kukubali ndoa ya namna hiyo. Ubelgiji ikawa ya pili: katika Bunge 91 walikubali, 22 walikataa, na sheria ikaanza tarehe 1 Juni 2003. Penginepo njia ilikuwa nyingine. Afrika ya Kusini ilitunga sheria yake mwaka 2006, baada ya hukumu ya mahakama. Irlandi iliamua kwa kura ya watu wote mwaka 2015.

Kwetu Kongo, Katiba ya 2006, kifungu cha 40, yasema ndoa ni ya mwanaume na mwanamke.

Na mapadri je? Sheria ya Ubelgiji haikugusa Sakramenti, wala haimlazimishi padri. Mwaka 2022 maaskofu wa Flandre walitoa sala kwa ajili ya watu hao, wakisema wazi kwamba si ndoa. Mwanzoni mwa 2024 maaskofu wa Afrika, kwa kinywa cha Kardinali Ambongo wa Kinshasa, walikataa baraka za namna hiyo kwetu.

Basi, tuwajibu wakristu kwa ukweli: tusichanganye Leta na Eklezya, wala tusimtukane mtu. Mwenye kuuliza huenda anamuulizia mtoto wake.