Nafasi ya Kujirudi kabla ya Kutuma



Zamani umbali wenyewe ulitukinga na hasira zetu. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, kisha ikasogea hadi huku kwetu Likasi, mji ulioitwa Jadotville hadi 1966. Barua iliyoandikwa usiku ilingoja posta ifunguliwe na treni ipite. Asubuhi mwandishi aliweza kuisoma tena, na hata kuichana.

Wakubwa nao waliitumia nafasi hiyo. Mwezi Julai 1863, Abraham Lincoln, rais wa Marekani, alimwandikia Jenerali Meade barua ya lawama, kwa kuwa baada ya ushindi wa Gettysburg aliliacha jeshi la adui livuke mto Potomac na kuokoka. Juu ya bahasha Lincoln aliandika kwamba barua hiyo haikutumwa wala kutiwa sahihi. Ilibaki kati ya karatasi zake.

Barua pepe, ambayo Ray Tomlinson aliituma kwa mara ya kwanza kupitia mtandao mwaka 1971, iliondoa kungoja huko. Ikawapasa wahandisi kurudisha kwa ufundi kile ambacho umbali ulikitoa bure. Mwaka 2008 Gmail ilijaribu Mail Goggles: usiku wa mwisho wa juma, mtu alitakiwa kujibu hesabu chache kabla ya kutuma. Mwaka 2009 ilianza kujaribu njia ya kutengua utumaji, na mwaka 2015 ikawapa watumiaji wote. Leo muda wake hufika sekunde 30.

Tuangalie vema jinsi njia hiyo inavyofanya kazi. Hairudishi ujumbe uliokwisha kwenda, inauzuia usiondoke. Outlook hujaribu kuirudisha barua iliyokwisha kufika, lakini hufaulu tu ndani ya taasisi moja. WhatsApp nayo, tangu 2017, huruhusu kufuta ujumbe kwa wote. Hata hivyo alama ya kufutwa hubaki, na aliyekwisha kusoma amesoma.

Hayo tumeyaona kwetu. Katika jumuiya yetu moja, ndugu mmoja alimshutumu mtunza hazina usiku, mbele ya kikundi chote cha simu, kuhusu mchango wa matanga. Asubuhi daftari lilifunguliwa, na fedha zote zilikuwapo. Ujumbe ulifutwa, msamaha uliombwa na kutolewa. Lakini mama yule hakukubali tena kushika sanduku, nasi tukampoteza mtumishi mwaminifu.

Basi tujiwekee desturi. Tukiwa na uchungu, tuandike bila kuweka jina la mpokeaji, kisha tulale. Sekunde 30 zatosha kusahihisha jina lililokosewa. Hasira huhitaji usiku mzima. Kukicha, tuusome ujumbe kwa sauti, kana kwamba mwenzetu ameketi mbele yetu. Ukisomeka bila aibu, ndipo tuutume.