Naomi Hakumfunga Ruthu

Somo: Ruthu 1:6–18



Kaptagat, karibu na Eldoret, inajulikana duniani kote kwa ajili ya wakimbiaji wake. Katika kambi moja huko, Eliud Kipchoge alifanya mazoezi miaka mingi chini ya mwalimu wake, Patrick Sang, aliyepata medali ya fedha katika Michezo ya Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992. Wakimbiaji wa kambi ile huamka alfajiri, hula pamoja, na husafisha vyoo kwa zamu, hata aliye bingwa. Mwaka 2019 Kipchoge alipomaliza mbio ndefu kule Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, watu waliona ushindi wa asubuhi moja. Miaka ya malezi iliyotangulia hawakuiona.

Leo tuyafikiri malezi ya namna nyingine, ambayo yamefanyika katika nyanda hizi hizi za Eldoret, nasi Waprotestanti hatuyajui sana. Nasema juu ya wasichana wanaoingia utawa katika Kanisa Katoliki, na akina mama wanaowaongoza katika miaka ya kwanza. Pengine msikilizaji mmoja atauliza, "Hayo yanatuhusu nini sisi?" Yanatuhusu, ndugu yangu. Sisi nasi tuna mabinti. Nao Mungu huwaita, na mara nyingi hatujui la kuwafanyia wakiisha kuitika.

Tunajua babu zetu wa imani walisema nini juu ya nadhiri za watawa. Katharina von Bora, aliyekuja kuwa mke wa Martin Luther mwaka 1525, alipelekwa kwa watawa angali mtoto mdogo. Hakuna aliyemwuliza moyo wake unataka nini. Usiku wa kuamkia Pasaka ya mwaka 1523 alitoroka pamoja na wenzake. Luther alifundisha kwamba hakuna nadhiri inayomwokoa mtu, na kwamba nadhiri isiyotoka katika moyo huru ni mzigo. Mafundisho hayo hatuyaachi. Tunaokolewa kwa neema, kwa njia ya imani.

Lakini haki itendeke: Kanisa Katoliki nalo liliuona ubaya huo. Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento uliagiza kwamba mtu asiweke nadhiri kabla ya kutimiza miaka 16 na kukaa mwaka mzima wa majaribio. Uliagiza pia kwamba msichana ahojiwe kwanza, ijulikane kama anakuja kwa hiari yake, na ukamlaani kila amlazimishaye mwanamke kuingia utawa. Sheria ya Kanisa hilo ya mwaka 1983 imeongeza muda huo. Msichana haanzi unovisi kabla ya miaka 17. Unovisi wenyewe haupungui miezi 12, na siku yoyote katika muda huo aweza kurudi kwao. Baadaye huweka nadhiri za muda, zisizopungua miaka mitatu. Na nadhiri za daima haziwekwi kabla ya miaka 21. Tena wakubwa wake wamekatazwa kumshurutisha kwa namna yoyote awafunulie siri za dhamiri yake.

Katika Afrika Mashariki kazi hii ilianza mapema. Huko Uganda shirika la Bannabikira lilianzishwa mwaka 1910, likilelewa na Masista Weupe. Mwaka 1923 Mama Kevin, mtawa kutoka Ayalandi, alianzisha Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko huko Nkokonjeru. Hapa Eldoret, Askofu Joseph Houlihan alianzisha Masista wa Assumption mwaka 1962. Haikuwa kazi nyepesi. Wazazi wengi walilia: binti asiyeolewa, ng'ombe wa mahari hawaji, wajukuu hawapo! Mlezi alikuwa kati ya msichana aliyesema, "Nimeitwa," na baba aliyesema, "Nimeibiwa." Ilimpasa kungoja, kuuliza, na kuangalia maisha ya binti yule katika kazi za kila siku, jikoni, shambani na katika sala, mpaka ijulikane kama wito ule ni wa Mungu au ni hamu ya kukimbia nyumbani.

Matunda ya malezi hayo yalionekana kaskazini-mashariki ya Kongo. Anuarite Nengapeta, mzaliwa wa Wamba, aliweka nadhiri zake huko Bafwabaka mwaka 1959. Mwaka 1964 waasi wa Simba waliwachukua yeye na masista wenzake mpaka Isiro, na afisa mmoja akamtaka awe wake. Mama mkuu wao, Leontine Kasima, alikataa kumtoa. Lakini jibu la mwisho lilikuwa la Anuarite mwenyewe, naye alikataa. Aliuawa usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, akiwa na umri wa miaka 24, huku akimsamehe aliyemwua. Saa ile mlezi aliweza kusimama karibu naye, asiweze kujibu kwa niaba yake.

Sasa fungueni Ruthu sura ya kwanza. Naomi hakumvuta mkwewe. Alimwambia arudi kwao, tena zaidi ya mara moja, akimweleza wazi kwamba mbele hakuna faida ya mwili. Orpa akarudi, na Naomi hakumlaani. Ruthu akabaki, na kwa kuwa njia ya kurudi ilikuwa wazi, neno lake la kubaki lilikuwa na uzito.

Wapendwa, je, sisi tunafanyaje? Katika mkutano wa injili binti anasimama mbele, jina lake linaandikwa daftarini, tunaimba haleluya. Miezi mitatu ikipita, ni nani amekwenda kumwona? Na wako viongozi wengine wanaokosa kwa upande wa pili: humwambia binti, "Mungu amenionyesha utaolewa na fulani," au, "Mungu amesema usiende shule, ukahudumu." Huyo amemfunga mtoto wa watu kwa jina la Bwana. Waovu wamejificha nyuma ya maneno kama hayo.

Paulo alimwagiza Tito kwamba wanawake wazee wawafundishe walio vijana. Basi, mama uliye katika chama cha akina mama, mtafute binti mmoja katika usharika wenu. Keti naye. Umsikilize kuliko unavyosema. Usimharakishe, wala usiichungulie dhamiri yake kwa nguvu. Akichagua njia usiyoitazamia, mlango wako usifungwe. Kama wito ni wa Mungu, utasimama bila kusukumwa nawe.

Tuombe. Bwana Yesu, uliwaita watu kwa majina yao, na aliyetaka kwenda zake hukumshika kwa nguvu. Utupe akina mama wenye saburi, na mabinti watakaokuitika kwa moyo huru. Amina.